Kona ya Riwaya: Huyo farasi wako amefikaje Kitulo?

Kamwene wasomaji wa Iringa na Njombe, ugonile kwa ndugu zangu wa Rungwe, na nyie wengine wote habari za baridi. Toleo lililopita niliuliza nani kati yenu anaandika au anasoma riwaya za maajabu, nikategemea majini na wachawi kama kawaida, nikaletewa farasi. Barua tano karibu zote farasi! Nimefurahi sana kwakweli. Moja nimeijibu kwa urefu manake imenikaa kichwani wiki nzima, nyingine nimeenda haraka, msinune.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mi ni binti wa miaka 19, nakaa Isyonje pale njia panda ya kwenda Kitulo, nimemaliza form six nasubiri chuo. Tangu mwaka jana naandika riwaya kwenye kauntabuku, niko chapta ya sita. Inamhusu Atupele, binti wa miaka 15 ambaye anaenda kutafuta ng'ombe aliyepotea wa baba yake anakuta farasi mweupe mwenye mabawa kule juu kwenye maua. Matatizo yangu mawili. Kaka yangu kasoma akasema farasi sio mnyama wetu, hadithi za bibi zina sungura na fisi, kwahiyo nimeiga wazungu tu na niache. La pili, kila Atupele akipata shida farasi anambeba wanaruka, shida imeisha, na mimi mwenyewe nimeanza kuboeka na hadithi yangu. Nifute nianze upya? – Binti wa Isyonje

JIBU: Marahaba mwanangu. Usifute hata ukurasa mmoja, hiyo kauntabuku itunze mbali na moto na mbali na kaka.

Tuanze na kaka maana ana hoja, ila kaishia katikati. Ni kweli bibi zetu huku hawakusimulia farasi. Lakini umewahi kujiuliza kwanini? Sio kwamba hatukuwa na akili ya kufuga, ng'ombe tumefuga, punda tumefuga. Ni mbung'o. Yule inzi wa porini, wengine wanamwita ndorobo, akimuuma farasi anamwachia vijidudu vya nagana na farasi havumilii, anakonda, damu inapungua, anakufa. Na kutoka pwani mpaka huku kwetu kuna mapori ya miombo mengi tu yenye mbung'o, sa farasi angepitia wapi? Ndo maana pwani farasi yumo kwenye tenzi za zamani na kwenye methali, mpanda farasi wawili hupasuka msamba, hiyo methali hata wewe umeisoma darasani, ila bara huku methali ilifika farasi mwenyewe hakufika.

Sasa angalia Kitulo unakokutazama kila siku kutoka dirishani. Kule juu ni mita kama 2,600 kutoka usawa wa bahari. Mbung'o hapendi baridi, huwezi kumkuta kule, Juni na Julai nyasi zinaamka na barafu. Nyasi zenyewe zimejaa, maji yapo, na farasi baridi anaiweza vizuri sana akiota manyoya yake ya kipupwe. Yaani Kitulo ni kisiwa. Ni sehemu ambayo farasi angeweza kuishi kabisa ila hana njia ya kufika na akishafika hana njia ya kutoka, manake bondeni kumezungukwa na inzi wanaoua. Mwanangu we unaona hilo? Una farasi mwenye mabawa juu ya kisiwa kilichozungukwa na kifo. Hiyo ndo riwaya yako. Kaka akikuuliza tena "farasi amefikaje Kitulo" mwambie hilo ndo swali la kitabu kizima, na Atupele ndo analitafutia jibu.

Kwahiyo usijifanye farasi ni wa kwetu tangu zamani. Mwache awe mgeni. Babu wa Atupele asijue amwiteje, mama adhani ni punda mgonjwa, watoto wamwogope kwato zake, mchungaji aje na neno lake na mganga aje na lake. Kijiji kizima kigombane kuhusu mnyama ambaye hakuna aliyemwona kabla. Hapo utaandika watu wa Isyonje unaowajua kabisa namna wanavyoongea, hutaiga mtu.

Halafu kuna kitu kimetokea hapohapo kwenu ambacho nakiona kama zawadi kwa mwandishi. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanamzungumzia nyani mmoja mwenye aibu anaitwa kipunji, na watafiti walivyosikia hawakuwa na uhakika kama ni mnyama kweli au ni mambo ya mizimu. Mwaka 2003 wakamwona kwa macho kwenye misitu ya Rungwe na Livingstone, 2005 akatangazwa kwa dunia nzima, na baadae wakakuta hafanani na jamii yoyote ya nyani iliyojulikana, ikabidi apewe jamii yake peke yake. Kwahiyo milima yenu ilishawahi kumficha mnyama mzima wa kilo zake mpaka juzijuzi tu! Ukimwandika babu anayesema "kuna kitu kule juu" halafu wasomi wanamtingishia kichwa, msomaji wa Tukuyu ataamini mara moja kwasababu lilishatokea.

Haya la pili, la mabawa. Hapa nakwambia kwa upendo, tatizo sio mabawa, tatizo hayana bei. Pitia farasi wote wa maajabu ambao watu wamewakumbuka miaka na miaka utaona kila mmoja ana sharti lake. Pegasus, farasi mwenye mabawa wa Wagiriki, alitoka kwenye damu ya Medusa, yule mwanamke wa nywele za nyoka, alipokatwa kichwa, na hakuna aliyeweza kumpanda mpaka shujaa Bellerophon alipopewa hatamu ya dhahabu na mungu wao wa kike Athena. Farasi wa mti mweusi kwenye Alfu Lela Ulela anaruka kwa kuzungusha kigingi, ila mwana wa mfalme alipaa akijua kigingi cha kupandia tu, cha kushukia hakuambiwa, akawa anapotea mawinguni anapapasa shingo ya mbao anatafuta namna ya kurudi duniani. Ona utamu wa hapo. Uwezo anao, ila nusu tu, na ile nusu asiyonayo ndo inamtoa jasho na sisi tunatoka jasho naye.

Na huyo Bellerophon unajua aliishaje? Akapata kiburi, akataka aruke na Pegasus mpaka kwa miungu, Zeus, mungu wao mkuu, akatuma inzi. Inzi mmoja tu mwenye kuuma. Akamuuma Pegasus, farasi akaruka mateke, jamaa akaanguka chini, akaisha maisha yake kilema anatangatanga peke yake. Nilipofika hapo nikiiwaza barua yako nikasimama kabisa, manake Wagiriki huko mbali inzi wao alimwangusha mpanda farasi, na sisi huku inzi wetu ndo aliyewazuia farasi wasifike. Huhitaji kumwiga Mgiriki, una mbung'o wako halisi na anaogopesha kuliko yule wa kwao. Mwache farasi wa Atupele aruke, sawa, lakini akishuka chini ya ukungu kuelekea Usangu anaanza kuhesabu siku. Kila safari ya kumwokoa mtu bondeni inamgharimu. Atupele akitaka kumpeleka mdogo wake anayeumwa hospitali kwa farasi, achague. Hapo hutaboeka tena, na hata mimi sitalala.

Kingine nikupe nikiwa nakumbuka. Mwaka 2019 watafiti huko Uingereza waliwavalisha farasi nguo zenye mistari kama ya punda milia wakaona inzi wanaouma wanashindwa kutua, wanakuja kwa kasi wanapitiliza au wanajigonga, wakati kwa farasi waliovaa nguo za rangi moja walitua kwa raha zao. Msichana mwenye akili kama Atupele, mwenye ndoo ya chokaa au masizi ya jikoni na brashi ya katani, anaweza kugundua hilo mwenyewe kwa kuwaangalia punda milia. Sikuandikii kitabu chako ila hebu mwone usiku ule anampaka farasi mweupe mistari ya masizi mikono inatetemeka kwa baridi kabla hawajashuka.

Na adui. Kwenye chapta zako ulizonitumia adui ni mfalme wa giza, simjui na sidhani kama hata wewe unamjua. Lakini Kitulo inajulikana kwa maua yake, watu wanaiita Bustani ya Mungu, kuna aina 45 za okidi, na hifadhi ilitangazwa 2005 sababu mojawapo ikiwa watu walikuwa wanachimba viazi vya hizo okidi vinavushwa kwenda Zambia kupikwa chikanda, vinatwangwa vinachanganywa na unga wa karanga na pilipili. Wachimbaji wenyewe wengi ni watu wa kawaida wanaotafuta ada za shule. Kama farasi wako anakula hayo maua ndo anapata nguvu ya kupaa, basi adui anaweza kuwa mjomba wake Atupele na jembe lake na gunia, mjomba ambaye anampenda, ambaye ndo aliyemlipia shule. Huyo anauma zaidi ya mfalme yeyote wa giza. Mwandike mjomba kwa huruma tafadhali.

Ukimaliza chapta ya saba niletee.

SWALI: Mwalimu mambo. Kwenye stori yangu shujaa anatoka Iringa jiwe la Gangilonga saa mbili usiku anafika Mbeya kabla ya jogoo, farasi anakimbia mwanzo mwisho. Rafiki yangu anasema haiwezekani, mi nasema si ni hadithi? – Kijana wa Kihesa

JIBU: Poa mdogo wangu. Rafiki yako yuko sahihi na wewe pia, inategemea huyo farasi ni wa aina gani na umetuambia saa ngapi.

Kama ni farasi wa kawaida basi hapana. Akienda shoti anagonga kilometa 40 mpaka 50 kwa saa, ila hiyo ni kwa kilometa chache tu halafu anahema povu linatoka, lazima arudi kwenye mwendo wa matiti, ule wa kukimbia taratibu, au atembee. Kwa siku nzima farasi mzima mwenye afya unamtoa kilometa 40, 50, na kesho unataka awe hai. Iringa mpaka Mbeya ni zaidi ya kilometa 300, hiyo ni safari ya wiki, na njiani anywe maji lita 25 mpaka 50 kila siku. Wiki hiyo usiione kama hasara! Mafinga alale wapi, Makambako upepo ule wa usiku, Igawa nani atampa nyasi, kila kituo ni chapta.

Kama unataka usiku mmoja basi mfanye farasi wa maajabu na utuonyeshe maajabu yenyewe mapema. Watu wa kaskazini kule Ulaya mungu wao Odin alikuwa na Sleipnir, miguu minane, ukisikia tu miguu minane unaelewa kwanini anakimbia hivyo, huulizi tena. Wakazakh wana Tulpar mwenye mabawa, wamemweka mpaka kwenye nembo ya taifa lao. Wako ana nini? Usiseme tu "alikuwa na kasi ya ajabu", hiyo haionekani machoni.

Na kabla hujamfanya wa ajabu mjue kwanza wa kawaida, manake msomaji akishaamini kwato ataamini na mabawa. Farasi analala amesimama, anajilaza muda mfupi tu kwa usingizi mzito. Haoni kilicho mbele kabisa ya paji lake wala kilicho nyuma ya mkia, kwahiyo ukimjia kwa nyuma kimya unapigwa teke. Hatapiki, tumbo lake halijaumbwa hivyo, akila kitu kibaya kinabaki ndani na kinaweza kumuua, kwahiyo ile sehemu shujaa anampa ugali wa usiku mzima iondoe haraka. Hasira na woga viangalie kwenye masikio, yakilala nyuma kaa mbali. Huko Mufindi kwenye mashamba ya chai kuna watu wanafuga farasi, ukipata nafasi omba tu usimame karibu dakika kumi umsikie anavyopumua. Dakika kumi hizo zitakupa kurasa.

SWALI: Asalaam aleikum Mwalimu. Nataka kumtumia Buraq kama farasi wa shujaa wangu, yaani shujaa anampata anaenda naye vitani. Mama amekataa kabisa. Nani yuko sahihi? – Rujewa

JIBU: Waaleikum salaam. Mama. Buraq yumo kwenye habari ya Isra na Miraj, safari ya usiku ya Mtume Muhammad, ni mnyama wa imani ya watu, anaelezwa mkubwa kuliko punda na mdogo kuliko baghala, na hatua yake moja inafika mwisho wa upeo wa macho. Watu wanamheshimu sio kama mhusika wa hadithi, kwahiyo kumpa kijana wako wa kubuni ampande akapigane itawaumiza wasomaji wako wengi na we mwenyewe baadae. Tengeneza mnyama wako mpya, mpe jina lako, mpe mwendo wako. Ukiweza mfanye hata sio farasi, Usangu mna ndege wakubwa na mabwawa na nyasi ndefu, angalia hapo.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mzazi hapa Njombe. Binti yangu yuko form two, likizo nzima amefungia chumbani anasoma vitabu vya farasi wenye pembe na mabawa, anaazimana na wenzie. Hesabu zimeshuka. Jirani ameniambia huo ni mlango wa ushirikina. Nimemnyang'anya. Nimefanya vizuri? – Baba Njombe

JIBU: Baba, nakuheshimu sana kwa kuuliza, wengi wananyang'anya na hawaulizi mtu. Nitakujibu kama mwalimu niliyefundisha Kiswahili miaka mingi na kusahihisha insha nyingi kuliko ninavyoweza kuzihesabu.

Hesabu zimeshuka, zishughulikie kama hesabu. Kaa nae mezani, tafuta mwalimu wa ziada, panga saa za kusoma na saa za kitabu. Lakini kitabu sio kilichoshusha hesabu, baba, na ukikichoma hesabu haitapanda. Mtoto anayekaa na kurasa 300 bila kulazimishwa ana kitu ambacho sisi walimu tunakililia darasani kila siku na hatukipati. Huyo anajifunza sentensi, anajifunza kusubiri mwisho, anajifunza kuona mtu mwingine anavyoumia.

Na kuhusu ushirikina, mambo haya hayajaanza kwa wazungu wala hayajaanza jana. Shaaban Robert mwaka 1951 alitoa Kusadikika, nchi nzima iliyoko angani, haipo duniani, na ndani yake aliongea habari za sheria na dhuluma ambazo zingemtia matatani angeziandika waziwazi. Tumeifundisha shuleni, hakuna aliyegeuka mchawi. Maajabu kwenye hadithi ni namna ya kusema kweli kwa njia ya kuzunguka. Binti wa miaka 14 au 15 anayesoma habari za msichana anayemtuliza farasi mkali ambaye watu wazima wameshindwa, unafikiri anasoma kuhusu farasi? Anasoma kuhusu yeye mwenyewe, mwili unabadilika, hofu zipo, anataka kujua kama ana nguvu.

Naomba umrudishie. Ila kabla hujamrudishia kisome wewe, hata chapta tatu, jioni ukiwa karibu na jiko. Kama kuna kitu hakifai umri wake utakiona kwa macho yako badala ya kuambiwa na jirani, na kama hakipo basi utakuwa na cha kuongea nae wakati wa chai. Muulize "huyu farasi kwanini alimkataa yule kijana?" Nina hakika atakaa chini aongee na wewe saa nzima.

SWALI: Shikamoo. Nina miaka 14 niko Tukuyu. Nimesikia Scotland kuna farasi wa kwenye maji anaitwa kelpie. Naweza kumweka Ziwa Ngozi? – Msomaji wako mdogo

JIBU: Marahaba mwanangu. Kelpie ni wa kutisha kweli, anasimama kando ya maji kama farasi mzuri mpole, watoto wakipanda mgongoni ngozi inawanasa hawawezi kushuka anazama nao. Na anaweza kujigeuza mtu, unamjua kwa majani ya majini kwenye nywele zake. Ukipata hatamu yake unamtawala.

Ziwa Ngozi linafaa kabisa, maji yako chini ya kuta za msitu, kimya, ukungu unakuja ghafla, ukifika pale juu hata wewe mwenyewe unapunguza sauti. Ila kelpie mwenyewe muache Scotland. Ziwa lile lina stori zake, wazee wa Rungwe wanazo, kaa nao kwanza kabla ya kuandika, usije ukafunika stori ya kwenu kwa ya mbali. Chukua kwa Waskoti kile kitu kimoja kilichokusisimua, nadhani ni ile ngozi inayonasa, halafu mnyama wako mjenge kwa udongo wa huko. Jina pia usichukue la kwao. Muulize bibi maji yaliyotulia sana, yale ambayo mtoto anakatazwa kuyachungulia, yanaitwaje kwa Kinyakyusa, anza na neno hilo.